Farasi wa Mtu Mrefu

Fomu niliyopewa ilikuwa na maswali matatu: jina, uzito, na kama nimewahi kuanguka. Urefu haikuuliza, na haikuwa na haja. Nina sentimita 193. Nikiingia kwenye matatu, makanga hunitazama kwa huruma kisha hunionyesha kiti cha mbele.

Saisi aliyenipokea alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, mkono mmoja mfukoni. Alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu hadi kichwani kama mtu anayesoma bango, kisha akasema, "Wewe kijana tukutafutie ghorofa."

Nilicheka, maana hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza njia nzima kutoka mjini. Sikuwa nimepanda farasi kwa miaka 17. Nilichotaka ni farasi ambaye nikimkalia sitaonekana kama baba aliyepanda baiskeli ya mwanawe.

Walikuwepo wawili walioweza kunifaa. Wa kwanza alikuwa mwekundu wa kukolea, mrefu, mwembamba, mwenye miguu ya mcheza densi. Alikuwa amestaafu mbio za Ngong, kama walivyo farasi wengi wa kupandwa tulio nao Nairobi. Wa pili alikuwa wa kijivu, mpana, mwenye shingo ya fahali na kwato kama sahani. Mlangoni pa banda la yule mwekundu palikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki: 16.2. Kwa yule wa kijivu: 15.1.

Nilimchagua wa 16.2 kwa macho kabla sijamgusa. Kwenye fomu, mahali pa uzito, niliandika kilo 90. Nina kilo 96.

*

Lazima nieleze kwa nini niliacha.

Nilipokuwa sekondari, likizo zote nilikuwa nikisafisha mabanda ya farasi huko upande wa Limuru. Malipo yangu yalikuwa nusu saa ya kupanda kila jioni. Farasi niliyepewa alikuwa jike mdogo wa kahawia, mpole, mzoefu wa watoto. Nilipoanza nilikuwa mtoto. Kisha ule mwaka wangu wa 17 nikarefuka kama mhindi baada ya mvua, nikanenepa pia, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, mimi wa kwanza. Vikuku niliviteremsha tundu moja, halafu jingine, mpaka tundu zikaisha.

Jioni moja nilivua tandiko nikakuta ngozi imechubuka pande zote mbili za uti wa mgongo, sehemu mbili zinazolingana kama macho. Mwenye mabanda alisema ni jambo la kawaida, apakwe dawa, atapona. Alipona. Lakini manyoya yalipoota tena pale palipochubuka, yaliota meupe. Ndivyo ilivyo kwa farasi: tandiko likikandamiza hadi kujeruhi, mara nyingi manyoya hurudi bila rangi, na alama hiyo haifutiki. Nilisema nina mitihani. Sikurudi tena.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya 16.2 iliyoandikwa kwa chaki, nilikuwa nimejiandalia utetezi: safari hii nachukua mkubwa. Mtu mrefu, farasi mrefu. Nani angeweza kunilaumu?

*

Kwanza niseme kwamba 16.2 si desimali. Inasomwa viganja kumi na sita na inchi mbili. Kiganja kimoja ni inchi 4, kwa hiyo baada ya 15.3 hakuna 15.4, unaingia 16 moja kwa moja. Kipimo kinaanzia chini hadi kilele cha mabega, pale shingo inapokwisha na mgongo kuanza, kwa sababu kichwa cha farasi hakitulii. Yule mwekundu, kwa hesabu yetu ya kawaida, alikuwa na takriban sentimita 168. Wa kijivu alikuwa na 155.

Watu wamepima vitu kwa viganja tangu zamani, kama sisi tulivyopima kwa shibiri na dhiraa. Lakini kiganja hiki cha inchi 4, kinachoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda karibu na Nairobi, kilipigwa muhuri na sheria za mfalme mmoja wa Uingereza katika karne ya 16. Mfalme huyo alikuwa Henry VIII, na mwenyewe alikuwa mtu mrefu anayependa farasi.

Henry anakumbukwa kwa wake sita. Kwa farasi wa nchi yake alikuwa hatari kuliko alivyokuwa kwa wake. Mwaka 1535 sheria yake iliwataka wenye viwanja vya kufugia paa wafuge farasi majike wasiopungua viganja 13. Mwaka 1540 ikaja kali zaidi. Katika kaunti zilizotajwa, farasi dume asiyefika viganja 15 hakuruhusiwa kuachwa huru kwenye malisho ya umma. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, malisho yalitakiwa kusakwa. Waliofanya msako huo walikuwa na mamlaka ya kuwatazama majike na watoto wao, na yule waliyemwona hana dalili ya kukua vya kutosha wamuue na kumzika.

Hebu fikiria kazi hiyo. Mtu anasimama kwenye nyasi zenye umande, anamtazama mtoto wa farasi, na kukisia atakavyokuwa baada ya miaka mitatu.

Kulikuwa na sababu. Mfalme alitaka vita na Ufaransa, na vita alivyovitaka vilihitaji farasi wa kubeba mtu aliyevaa chuma. Farasi wakubwa walinunuliwa nje ya nchi kwa fedha nyingi, au walikuja kama zawadi. Mwaka 1514 mtawala wa Mantua, Italia, ambaye ukoo wake wa Gonzaga ulisifika kwa ufugaji, alimpelekea Henry farasi bora kutoka mabanda yake. Lakini nchi haiwezi kupigana kwa zawadi. Kwa hiyo mfalme akaamua kurefusha farasi kwa sheria.

Sheria iliyofuata, miaka miwili hivi baadaye, nashindwa kuisoma bila kutabasamu. Iliwapangia matajiri idadi ya farasi dume wakubwa wa kufuga kulingana na cheo na kipato, halafu ikamwongeza kila mwanamume ambaye mkewe alivaa gauni la hariri au kofia ya mahameli. Mantiki yake haina dosari: kama unaweza kumudu mahameli kichwani pa mkeo, unaweza kumudu farasi wa mfalme. Najaribu kuwapata akilini waume wa wakati ule wakizungumza na wake zao kuhusu kofia.

Ardhi haikutii. Mwaka 1566, Elizabeth, binti yake Henry, alilazimika kuzilegeza sheria hizo kwa maeneo ya mabwawa mashariki mwa Uingereza, kwa sababu pale udongo ni laini na farasi mzito huzama kwenye tope. Na kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Exmoor, farasi wadogo waliendelea kuwepo. Wapo hadi leo, urefu wao viganja 12 na kitu, wanene, wenye manyoya mazito ya kuzuia mvua. Wana nguvu za kumbeba mtu mzima asiye mzito kwenye vilima ambavyo mzawa wa mbio angevunjikia mguu.

*

Henry alipokuwa kijana hakuna aliyemtilia shaka juu ya farasi. Urefu wake unakadiriwa kuwa kama sentimita 185 au zaidi kidogo. Deraya aliyotengenezewa akiwa na miaka ishirini na kitu inaonyesha kiuno cha chini ya sentimita 90. Balozi wa Venice aliyekaa kwake hadi mwaka 1519 aliandika jambo ambalo wengi hulisoma kama sifa: mfalme akienda kuwinda huchosha farasi wanane au kumi kwa siku, waliopangwa mapema njiani wakimsubiri.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza, nami niliona sifa. Sasa naona hesabu. Mtu mkubwa mwenye akili, au mwenye wasaidizi wenye akili, alijua kwamba farasi mmoja hatoshi. Uzito haukuondoka, uligawanywa.

Tarehe 24 Januari 1536, kwenye mashindano ya mikuki huko Greenwich, Henry alianguka pamoja na farasi wake. Alikuwa na miaka 44. Balozi wa mfalme wa Hispania aliandika kwamba kupona kwake kulikuwa muujiza. Baada ya siku ile hakushindana tena kwa mikuki. Vidonda vya miguu vilivyokuwa vikimsumbua vilizidi, mwendo ukapungua, chakula hakikupungua. Deraya yake ya mwaka 1540 ina kiuno cha kama sentimita 130. Ukiziweka deraya hizi mbili pamoja, ya ujana na ya uzeeni, zinaeleza maisha yake vizuri kuliko vitabu vingi.

Kisha, mwaka 1544, akiwa na miaka 53, akarudi farasini. Alivuka bahari mwezi Julai kwenda kuuzingira mji wa Boulogne, na alitaka aonekane akiwa juu ya farasi mkubwa wa vita. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna deraya ya Kiitaliano ambayo inaaminika aliivaa kwenye safari hiyo. Peke yake ina uzito wa kama kilo 23. Ndani yake weka mtu wa kiuno cha sentimita 130. Chini yake weka tandiko la vita la mbao, ngozi na chuma. Mji ulisalimu amri Septemba, na wachoraji walifanya kazi yao. Hakuna aliyeandika hali ya mgongo wa farasi jioni ile alipovuliwa tandiko.

Nilikaa na picha hiyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyeamuru wadogo wauawe ili apate wakubwa, alipowapata alikuwa amekuwa mzito kuliko uwezo wa karibu farasi yeyote.

Na hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa mambo ya kale wamelithibitisha majuzi tu. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya mifupa ya farasi iliyochimbuliwa katika maeneo 171, ya kuanzia mwaka 300 hadi 1650. Filamu zimetuzoesha farasi wa vita wa kutisha, mabega yakimpita mtu kimo. Mifupa inasema vingine. Farasi wengi wa zama za mashujaa wa mikuki hawakufika viganja 14.2, kimo ambacho leo kingewaweka kwenye kundi la farasi wadogo wa watoto. Mkubwa kabisa aliyepatikana wa enzi za Wanormani, kwenye ngome ya Trowbridge, alikuwa na kama viganja 15, yaani sawasawa na yule wa kijivu niliyempita bila kumtazama mara mbili.

Wanormani walioiteka Uingereza hawakuwa vibete wote. Walipanda walichokuwa nacho, miguu ikining'inia chini ya tumbo la farasi, na hakuna aliyeona haya. Mtu aliyewahi kukaa Lamu anaijua picha hiyo. Mwanamume mrefu amekaa nyuma kabisa juu ya punda wake, magoti yamekunjwa kidogo, kandambili zinakaribia kugusa mchanga, na anazungumza na simu. Anayecheka ni mgeni.

*

Yupo mtu mwingine mrefu aliyerudi kwenye farasi baada ya miaka mingi, na huyu urefu wake ni sawa kabisa na wangu: Abraham Lincoln, futi 6 na inchi 4.

Akiwa wakili Illinois, miaka ya 1840, Lincoln alizunguka na mahakama kutoka mji hadi mji, majira ya kuchipua na ya vuli, kwenye njia za tope ambazo hazikuwa na reli. Alianza kwa farasi wa kupanda, baadaye akawa na kigari. Farasi wake aliyejulikana zaidi, Old Bob, alikuwa wa kazi zote, kupandwa na kuvuta. Hakimu aliyezunguka nao, David Davis, alikuwa na zaidi ya paundi 300, yaani kilo 136 na ushee, na alisafiri kwa gari la kukokotwa. Hilo nalo ni jibu: kama mgongo hauwezi kukubeba, magurudumu yapo.

Reli zilipofika, Lincoln akapanda treni kama kila mtu. Alipokwenda Washington mwaka 1861 kuwa rais alimwacha Old Bob nyuma. Lakini kiangazi cha 1862 familia yake ilihamia kwenye nyumba iliyokuwa kwenye kilima nje ya mji, kama kilomita 5 kutoka ofisini, ili kukwepa joto. Rais akaanza tena kupanda farasi, asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi, katikati ya vita, akiwa na miaka 53. Umri uleule wa Henry akienda Boulogne. Sikuutafuta ulinganifu huu, niliukuta.

Walt Whitman, mshairi, wakati huo alikuwa akiwatembelea majeruhi katika hospitali za Washington na aliishi karibu na njia ile. Agosti 1863 aliandika kwamba alimwona rais karibu kila siku, amevaa nguo nyeusi zilizochakaa na zenye vumbi, akisindikizwa na askari wa farasi ambao hakuwataka. Alimwelezea farasi pia: wa kijivu, mwenye umbo zuri kwa ukubwa, mwenye mwendo wa utulivu.

Maelezo mafupi kama haya ndiyo ninayoyaamini. Whitman hakuwa akiuza farasi wala kuchora sanamu. Alimwona mtu mchovu, mrefu kuliko watu wote wa mji ule, anayehitaji kufika kazini bila kutupwa chini, na akaona kwamba farasi wake ametosha na ametulia.

Haikuwa kila siku hivyo. Kwenye gwaride za jeshi rais alipandishwa farasi waliopatikana, na askari walioandika kumbukumbu zao hawakuacha kutaja suruali iliyopanda ikaacha kifundo cha mguu wazi. Wenye miguu mirefu tunaelewa kinachotokea. Farasi akiwa mwembamba wa kifua, mguu hauna pa kushika, unaning'inia. Ukifupisha vikuku ili ushike, goti linapanda juu na suruali inapanda nalo. Anayetazama husema farasi ni mfupi. Mara nyingi ufupi si tatizo. Farasi huyo ni mwembamba, hana kifua cha kuuzunguka mguu.

*

Nilimwambia saisi kwamba kabla ya kupanda nataka kuwapima wote wawili. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa mlima.

"Namba si hiyo mlangoni?"

"Hiyo ni ya urefu, Mzee. Nataka uzito."

Hakuna mizani ya farasi pale, lakini kuna hesabu inayotumiwa na waganga wa mifugo. Unapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, halafu kwa urefu wa mwili, unagawanya kwa 11,880. Sentimita zinakuwa kilo. Nilikuwa nimekuja na futi ya fundi cherehani, ambayo iliishia sentimita 150 kabla haijamzunguka hata yule mwembamba. Saisi akaenda kuleta kamba ya katani bila kusema neno, na hapo nikajua ameanza kuvutiwa.

Mwekundu: mzunguko 188, mwili 168. Kilo 500.

Wa kijivu: mzunguko 198, mwili 163. Kilo 538.

Saisi alirudia kipimo cha pili mwenyewe. Aliye mfupi kwa sentimita 13 alikuwa mzito kwa kilo 38.

Kuna kanuni ya zamani, ambayo jeshi la farasi la Marekani lilikuwa nayo mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio waliijaribu kwa farasi wanane, wakiwabebesha asilimia 15, 20, 25 na 30. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda, na misuli iliuma zaidi baadaye. Lakini kilichonikaa ni jambo jingine waliloliona: farasi wenye kiuno kipana na mfupa mnene chini ya goti waliumia kidogo kuliko wenzao. Urefu haukuwa kinga.

Ukitafakari, mgongo wa farasi ni daraja. Daraja likiwa refu na jembamba, mzigo wa katikati huliumiza. Likiwa fupi na pana, hubeba. Mguu mrefu wa mpandaji huongeza tatizo jingine, maana paja refu linahitaji tandiko refu. Mtu mrefu akikaa kwenye tandiko fupi husukumwa nyuma, na uzito wote hutua kwenye ukingo wa nyuma, palepale kiunoni, ambapo hapana mbavu za kusaidia. Hilo ndilo nililomfanyia yule jike wa kahawia jioni baada ya jioni, nikidhani kosa langu lilikuwa kilo tu.

Basi nikapiga hesabu yangu. Kilo 96, siyo 90. Tandiko, buti na kofia ngumu, kilo 11. Jumla 107. Kwa mwekundu ni asilimia 21.4. Kwa wa kijivu, asilimia 19.9.

Nilimwomba saisi ile fomu. Nilikata 90 nikaandika 96, na yeye akaiangalia, akaniangalia, akairudisha kwenye faili bila kuuliza.

Kabla ya kutoka kwenye banda la mwekundu nilipitisha mkono mgongoni mwake, zaidi kwa kuaga. Nyuma ya kilele cha mabega, pande zote mbili, chini ya manyoya mengine, palikuwa na madoa meupe. Madogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Niliyatafuta kwa vidole kwanza, kisha nikayaona.

"Alikuja nayo," saisi alisema. "Hayakuwa ya hapa."

*

Wa kijivu alinichukua bila sherehe. Nilipanda kutoka kwenye kijukwaa cha mbao, kwa sababu kuvuta kikuku kutoka chini humpinda farasi uti wa mgongo, na kwa mtu wa uzito wangu kijukwaa si jambo la hiari. Kifua chake kilikuwa kipana kiasi kwamba mapaja yalinifunguka na misuli niliyoisahau ikalia. Lakini mguu ulipata pa kukaa. Ulishuka, ukazunguka, ukatulia, na kisigino hakikufika mbali chini ya tumbo lake kama nilivyohofia.

Tulikwenda mwendo wa kutembea dakika 20, kisha kidogo mwendo wa kudundadunda, ambao niliudundia vibaya. Mtoto mmoja aliyekuwa akifundishwa upande wa pili wa uwanja, juu ya farasi mwekundu mwingine mrefu, alinipita akanitazama kwa usawa wa macho. Tulisalimiana. Saisi alinipiga picha kwa simu yangu bila kuombwa. Kwenye picha naonekana hasa kama baba aliyepanda baiskeli ya mwanawe.

Niliposhuka, saisi alifungua ukanda, akaondoa tandiko, akaliweka juu ya ua. Jasho lilikuwa limechora umbo la tandiko mgongoni, pande mbili, na katikati mstari mkavu juu ya uti. Mzee alipitisha kiganja chake upande wa kushoto kutoka mabegani hadi kiunoni, akikandamiza. Farasi hakujikunyata. Akahamia upande wa kulia. Alipofika nyuma, karibu na pale ukingo wa tandiko ulipokuwa, alisimama, akarudi kidogo, akakandamiza tena. Sikio moja la farasi likageuka nyuma.

"Hapa anasikia," alisema. "Si sana. Hili tandiko ni fupi kwako. Kuna jingine stoo, la mtu mmoja aliyekuwa mrefu kama wewe. Lina vumbi."

"Nitalisafisha."

"Njoo Alhamisi mapema, tulijaribu bila wewe kwanza."

Akachukua kitambaa, akaanza kumkausha farasi mgongo, na mimi nikaenda stoo kutafuta tandiko.